Bi Kufuli, mtunza siri za wanafunzi aliyefungiwa jalada la mkwewe

Saa mbili kasoro asubuhi, ofisi haijafunguliwa sawasawa, na tayari mama mmoja mwenye mkoba mwekundu ameegemeza viwiko kwenye dirisha la kuhudumia watu. Hataki mengi. Anataka atazamiwe kidogo tu.

"Mwanangu, kuna kijana anataka kumwoa binti yangu," ananong'ona, kwa mnong'ono unaosikika mpaka kwenye ngazi. "Anasema ni mhandisi. Nitazamie humo kwenye kompyuta kama alimaliza kweli."

"Shikamoo, mama," anajibu mwanamke aliye ndani, huku akifuta vumbi kwenye kioo cha mashine yake. "Siwezi kutazama."

"Kwani imeharibika?"

"Nzima kabisa. Ila siruhusiwi. Mwambie kijana alete cheti."

"Cheti! Cheti si unachapishiwa hata na muuza vocha?"

"Basi mwambie aje hapa mwenyewe na kitambulisho chake, atie sahihi, tumwandikie barua akuletee."

Mama anamkazia macho. "Yaani nimwambie mkwe mtarajiwa kwamba nilikuja kumchimba?"

"Hapo tena, mama, mtajuana wenyewe."

Mama anashuka ngazi akiwatangazia wapita njia kwamba watu wa kompyuta siku hizi wana roho ngumu kama sufuria ya msibani. Mwanamke wa dirishani anacheka kwa pua, anavuta kiti, na kazi ya siku inaanza.

Wenzake wanamwita Bi Kufuli. Ana miaka arobaini na moja, miwani inayoteleza, na sauti ya upole ambayo hutumika zaidi kusema hapana. Jina lake halisi amekataa lisiandikwe. Kwa mtu wa kazi yake, ingekuwa ajabu kama angekubali.

Ofisi yao ni chumba kirefu juu ya duka la vifaa vya umeme. Dari lina feni mbili: moja inazunguka, ya pili bado inafikiria. Vyuo vikuu vinne viliamua kuweka kumbukumbu za wanafunzi wao mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo hapa. Nani amesajiliwa, anasoma nini, amehamia wapi, ameacha kwa sababu gani, nani analipiwa ada na nani anajikamua mwenyewe. Kwa jumla ni majalada zaidi ya laki mbili, na yote yamo kwenye mtambo.

Kazi ya Bi Kufuli ni kufungua na kufunga. Mhadhiri anafunguliwa darasa lake, la jirani haoni. Ofisi ya mikopo inaona ada, alama haioni. Mtafiti anaona alama, majina haoni. Muuza bima aliyekuja wiki iliyopita akitaka namba za simu za wote wanaomaliza mwaka huu alionyeshwa mlango, na mlango huo unaonwa na kila mtu bila kuomba.

"Watu wanadhani kuficha mtu ni kufuta jina," anasema. "Jina ukilifuta, mtu bado amekaa palepale na viatu vyake miguuni. Ukiandika mwanamke pekee wa darasa la ufundi magari, mwenye mapacha, anayetoka mtaa wa kiwandani, hata mbuzi wa mtaa huo watamjua."

Ndiyo maana wana kanuni yao. Kundi lolote la watu wasiofika kumi linafunikwa kabla taarifa hazijatoka nje. Bi Kufuli hushinda akipekua mistari kwenye kioo, akitafuta watu waliobaki peke yao ili awafunike, kama mtu anayepita vitandani kuwavutia watoto shuka.

Hata yeye hafanyi kazi na majina. Kila mwanafunzi kwake ni namba. Majina yako kwenye mashine ya mkuu wa ofisi, chumba cha pili, na mkuu akitoka hata kwenda kunawa mikono hufunga mlango.

Mshahara, anasema, si wa kusimulia wageni: ukishalipa kodi ya nyumba na nauli, kinachobaki kinamtazama mume. Mumewe ni fundi friji. Wana watoto watatu na vyumba vitatu, na kimoja kati ya hivyo ni cha mama mkwe, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi.

Na kwa Bibi ndiko Bi Kufuli alikopotelea njia.

Habari hii inaandikwa kwa ruhusa ya Bibi mwenyewe, aliyetoa masharti akiwa amenyoosha mguu juu ya kigoda. Umri uandikwe, maana ameuhangaikia. Goti liandikwe, maana linamtesa. Jina liachwe.

Ilikuwa mwaka jana, mitihani ikikaribia. Mtafiti mmoja aliomba taarifa za wanafunzi waliorudi masomoni wakiwa watu wazima. Bi Kufuli akaanza kupitia mistari yake ya namba. Miaka arobaini na kitu, walikuwa wengi. Hamsini na kitu, wakapungua. Kupita sitini, palikuwa na mstari mmoja umekaa peke yake kama mgeni aliyewahi harusini.

Mwanamke, miaka sitini na minne. Zamani mpishi wa shule ya bweni. Aliingia kwa mtihani wa watu wazima. Anasoma lishe, madarasa ya alasiri. Kwenye safu ya mahitaji maalumu palikuwa na maneno haya: aombewa kiti karibu na mlango, goti la kushoto halikunjiki vizuri.

"Nilicheka," anakumbuka Bi Kufuli. "Nikasema kumbe duniani yupo mwingine mwenye goti kama la mama. Halafu nikausoma mstari tena."

Bibi alikuwa na miaka sitini na minne. Bibi alipika shule ya bweni miaka ishirini na minane. Goti la Bibi la kushoto linajulikana; likiuma, hakuna ruhusa ya kupita mbele ya televisheni. Na kila alasiri Bibi huaga kwamba anakwenda kwa shoga yake fundi cherehani kumsaidia kukata vitambaa.

Kuja kuwaza vizuri, hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuona hata kipande cha kitambaa.

Laiti mstari ungeishia hapo. Lakini ulisema pia kwamba mwanafunzi huyohuyo amesajiliwa kwenye chuo kingine, mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na huko anasoma ualimu wa chekechea. Pembeni palikuwa na alama nyekundu: usajili mara mbili. Maana yake ni kwamba asipojieleza kabla ya mitihani, anaondolewa vyuo vyote viwili.

"Hapo ndipo akili iliponiaga," anasema. "Nusu ni mama, nusu si mama. Goti la mama, chekechea si ya mama. Wajukuu watatu tu wanamkimbiza sebuleni, iweje darasa zima? Na huko kwenye mji mwingine anakwenda saa ngapi? Nikaanza kuzikumbuka siku alizosema anakwenda kliniki."

Kanuni ya ofisi iko wazi. Ukikutana na ndugu yako kwenye taarifa, unaondoa mkono na kumweleza mkuu, naye anakufungia jalada lile usiliguse tena. Bi Kufuli aliwahi kuisoma kanuni hiyo mbele ya wenzake kwenye mafunzo, kwa sauti ya kujiamini. Siku hiyo alibisha hodi kwa mkuu wa ofisi mara tatu kabla ya kusikika.

"Mkuu, nimemwona ndugu yangu."

"Wapi, sokoni?"

"Kwenye mstari."

"Ahaa. Ndugu gani?"

"Sijui kama ninaruhusiwa kusema."

Mkuu, mwanamume mrefu ambaye hukaa akiwa amekunja magoti kama aliyeazima kiti cha mtoto, aliweka kalamu chini. "Usiposema, nitakufungia jalada la nani?"

"Nikisema, nimetoa siri ya mwanafunzi."

"Siri unampa mwenye funguo, dada yangu!"

"Na kama siye? Si nitakuwa nimemsingizia mama wa watu kwamba anasoma?"

Mkuu alikuna kidevu. Akatazama kanuni, akatazama feni, akatazama kanuni tena. Mwishowe walikubaliana kwamba Bi Kufuli aweke kidole juu ya mstari huku akitazama dirishani, na mkuu afunge bila kuuliza. Ndivyo ilivyofanyika. Watu wazima wawili, wenye elimu zao, mmoja ameshika kioo cha kompyuta na mwingine anatazama nyaya za umeme barabarani.

Tangu saa ile Bi Kufuli angegusa mstari ule mashine ingemwandikia: Huna ruhusa, wasiliana na mhusika. Mhusika ni yeye mwenyewe. Maneno hayo aliyatunga alipoanza kazi.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Alilojua kazini hakupaswa kulijua mezani. Na Bibi alikuwa pale, anavunja mkate kama kawaida, hana habari kwamba kiti chake karibu na mlango kinaondolewa.

"Nilikuwa nikifungua mdomo, nafunga," anasema Bi Kufuli. "Nikimwambia, nimevunja kiapo. Nisipomwambia, anafukuzwa huku namtazama. Nikajiuliza, hivi kumdokeza ni kumwambia? Na kumkonyeza je? Kanuni haikusema lolote kuhusu kukonyeza."

Siku moja alijaribu kuuliza kwa kuzunguka.

"Mama," alisema akimwongezea mchuzi, "hivi wewe unapenda watoto wadogo?"

"Niliwahi kusema siwapendi?"

"Hapana. Yaani wadogo kabisa. Wa chekechea. Ungependa kukaa nao kutwa?"

Bibi aliacha kutafuna. Akamwangalia mkwewe usoni, akashuka mpaka tumboni, akarudi usoni. "Mkwe, una mimba?"

Fundi friji aliangusha kijiko.

"Sina!" alisema Bi Kufuli.

"Mbona umeniuliza habari ya kulea?"

"Nimeuliza tu, mama."

"Mtu haulizi hivi hivi tu mchuzi mkononi," alisema Bibi, akimgeukia mwanawe. "Na wewe unakodoa macho nini? Kazi yako hiyo."

Wiki nzima fundi friji akawa anarudi na machungwa, akimfungulia mkewe mlango na kumkataza kuinua ndoo. Bi Kufuli alikula machungwa yote. Anasema alikuwa amechanganyikiwa kiasi kwamba siku moja alijishika tumbo na kujiuliza kama kweli.

Mambo yalifumuka mezani pale pale, siku chache baadaye, na si yeye aliyeyafumua.

Fundi friji alikuwa anapekua simu yake huku anakula, tabia ambayo mama yake amemkemea tangu simu zilipokuwa na mkia. Ghafla akaangua kicheko.

"Matapeli wa siku hizi wamefilisika akili," alisema. "Sikilizeni hii. Mwanafunzi mpendwa, imeonekana umesajiliwa vyuo viwili. Fika ofisini na kitambulisho kabla ya mitihani, vinginevyo usajili wako utafutwa. Mimi! Mimi niliyemkimbia mwalimu wa hesabu! Ngoja niifute."

Bi Kufuli alihisi moto masikioni. Kidole cha mumewe kilikuwa juu ya kioo cha simu.

"Usi..." alianza.

"Usi nini?"

"Usile haraka."

"Nafuta meseji, sili meseji."

Akajua akisema neno moja zaidi kiapo kimevunjika, na asiposema ujumbe unakwenda na mama anakwenda nao. Alichofanya ni kukohoa. Akakohoa mpaka watoto wakamletea maji. Akanywa maji, akakohoa tena.

"Isome tena," alisema Bibi.

"Mama, ni matapeli."

"Nimesema isome tena. Polepole."

Akaisoma. Bibi aliweka mkate mezani, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Usiifute. Ni yangu."

"Yako kivipi, nawe? Imekuja kwangu."

"Simu yangu kutwa haina chaji, nikaandika namba yako. Sikujua wenye vyuo nao wana meseji. Mimi ndiye mwanafunzi mpendwa."

Mtoto wa mwisho akauliza kama Bibi naye atavaa sare. Fundi friji alimtazama mama yake, akaitazama simu, akamtazama mkewe ili washangae pamoja. Mkewe hakuwa ameshangaa. Bibi, ambaye jicho lake lilizoea kuhesabu nyama kwenye sufuria ya wanafunzi mia tano, akaliona hilo.

"Na wewe ulikuwa unajua!"

"Mama," alijibu Bi Kufuli, "mpaka sasa sijui kama nilikuwa najua."

Bibi anaeleza sababu ya kuficha bila kupindapinda. Aliwahi kujifunza kuendesha gari, na nyumba nzima ikatoka nje kumwangalia anavyorudi nyuma mpaka kwenye banda la kuku. "Walicheka wiki mbili. Kuku walinisamehe mapema kuliko watoto wangu. Nikasema la masomo nitalifanya kimya. Nikishindwa, nishindwe peke yangu, bila watazamaji."

Anasema amewapikia wanafunzi umri wake wote bila kujua kwa nini watoto wale walikuwa wakisinzia baada ya chakula cha mchana. Wapishi wenzake walidai ni uvivu. Yeye alishuku sufuria. Akataka kusomea jambo hilo mpaka alijue, na alikuwa amefika katikati.

Alipoambiwa kwamba mkwewe anafanya kazi kwenye ofisi ileile yenye jalada lake, hasira zake zilikuwa za mpishi.

"Basi fungua utoe hilo kosa. Chuo gani cha pili? Mimi huko sijawahi kufika hata kwa mazishi!"

"Mama, nimefungiwa. Siwezi hata kuliona."

"Nani kakufungia?"

"Nilijifungia mwenyewe."

"Haya jamani," alisema Bibi akiwageukia wajukuu. "Mwenzenu kama mkwe wake angekuwa anauza mboga, leo angekula mboga."

Asubuhi yake Bibi alipanda ngazi za ofisi, moja moja, kwa ajili ya goti. Dirishani akamkuta mkwewe.

"Nimekuja kuuliza habari zangu."

"Mama, mimi siruhusiwi kukuhudumia."

"Hata kunionyesha kiti?"

"Kiti naruhusiwa."

"Nashukuru kwa kiti," alisema Bibi, akaketi kama malkia aliyeudhiwa.

Mkuu wa ofisi ndiye aliyempokea, na ndiye aliyemweleza kosa lilikoanzia. Mtambo unapokea majalada kutoka vyuo vinne. Ili mwanafunzi aliyehama asihesabiwe mara mbili, mtambo ukikuta jina lilelile na siku ileile ya kuzaliwa, unasema huyu ni mtu mmoja na kuunganisha majalada. Kwa vijana huwa haileti shida. Kwa watu wa umri wa Bibi ni balaa, kwa sababu wengi wao hawakujua siku waliyozaliwa, na makarani wa zamani, ili nafasi isibaki tupu, waliwaandikia wote tarehe mosi Julai.

"Kwa hiyo mashine imeniunganisha na mtu?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo, mama. Mwenye jina lako, na mwaka wako, na hiyo Julai."

"Ni nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Anakaa wapi?"

"Siwezi kukwambia."

"Mimi ni yeye au si yeye?"

"Kwa sasa," alisema mkuu, na ukweli ni kwamba jasho lilikuwa linamtoka, "kwa mujibu wa mtambo, wewe ni yeye. Kwa hiyo ungekuwa na haki ya kuona taarifa zake. Ila kwa kuwa tunaamini si yeye, huna haki. Lakini hatuwezi kuandika kwamba si yeye mpaka wote wawili mfike na vitambulisho."

Bibi alimpa leso yake. "Baba, umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Kanywe kwanza."

Mwanafunzi wa pili naye alikuwa ametumiwa ujumbe. Hakuna aliyejua kama ameuona, kama ameuamini, au kama mwanawe naye anafuta vya matapeli. Kumpigia na kumwambia aje kuna mwenzake anamsubiri kulikatazwa. Ni kutoboa siri ya mwenzake. Bi Kufuli anasema zile ndizo siku zilizokuwa ndefu kuliko zote. Nyumbani Bibi alikuwa anasoma waziwazi sasa, madaftari mezani, lakini anasomea mtihani ambao huenda asiufanye. Bi Kufuli alikuwa anapita nyuma ya kiti kwa ncha za vidole, na akipita, Bibi anafunika daftari kwa kiganja.

"Si unajua sheria," alikuwa akimwambia.

Siku ya mwisho ya kujieleza, Bibi alikuja kukaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi. Bi Kufuli aliamriwa akae mbali na shauri hilo. Akageuza kiti, akautazama ukuta.

Kwenye benchi kulikuwa na watu wanne au watano. Mmoja wao alikuwa mwanamke mnene mwenye begi la safari, amechoka, anajipepea kwa kitambulisho. Bibi, daftari la lishe mapajani, alimkaribisha sehemu yenye kivuli. Wakaanza kulalamikia ngazi.

Tarishi wa ofisi ameelekezwa siku zote aite watu kwa namba, asitaje jina la mtu mbele ya watu. Ni kanuni ya Bi Kufuli hiyohiyo. Siku ile karatasi ya namba ilikuwa imebaki chini ya birika la mkuu, na tarishi, ambaye ana sauti ya mwadhini na haraka ya mtu mwenye njaa, alichungulia kwenye mashine ya mkuu na kuita jina. Jina kamili, na la baba, na la babu.

Wakasimama wawili.

"Ameniita mimi," alisema Bibi.

"Mimi ndiye niliyeitwa," alisema mwenye begi.

"Umesikia vizuri jina lenyewe?"

"Nimelisikia miaka sitini na minne."

Bibi alimtazama kuanzia kilembani mpaka viatuni. "Wewe umezaliwa Julai?"

"Ndivyo walivyoandika. Mama aliniambia ilikuwa wakati wa mvua."

"Chekechea?" aliuliza Bibi, akilikumbuka swali la siku ya mchuzi.

"Lishe?"

Bi Kufuli, uso ukutani, alisikia ukumbi mzima ukilipuka kwa vicheko na vigelegele na tarishi akiomba msamaha kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu. Anasema hakujua afanye nini. Palepale nyuma ya mgongo wake kanuni yake ilikuwa imevunjwa vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa vinamwokoa mama yake.

"Nililia nikitazama ukuta," anasema. "Nikawa najiuliza, nalia furaha au niandike ripoti? Nikafanya vyote. Ripoti ina madoa."

Vitambulisho viwili vikawekwa mezani, majalada yakatenganishwa, alama nyekundu ikafutwa. Bibi akafanya mitihani akiwa amekaa karibu na mlango. Mwenzake akafanya yake kule kwao. Siku hizi wanapigiana simu na kuulizana maswali, na simu ya Bibi ina chaji.

Tarishi alipewa onyo, na Bibi akampelekea sufuria ya wali.

Bi Kufuli ameandika pendekezo kwa vyuo vyote vinne: mtambo usiunganishe watu wa mosi Julai mpaka mtu mzima aulize kwanza. Chuo kimoja kimekubali. Kimoja kinauliza nani atamlipa huyo mtu mzima. Viwili vimeomba ufafanuzi, vikapewa, na sasa vinaomba ufafanuzi wa ufafanuzi. Hajakata tamaa. Ana hakika mtamboni humo mna akina mama wengine wameshonwa pamoja bila kujijua.

Lakini lipo linalomsumbua zaidi ya hilo. Matokeo ya Bibi yalitoka mwezi uliopita. Mkuu anayajua. Chuo kinayajua. Mtafiti aliyeomba taarifa pengine anayajua bila kujua ni ya nani. Bi Kufuli peke yake, akigusa tu ataambiwa awasiliane na mhusika.

"Namchemshia maji ya goti, namnunulia kalamu, na sijui," anasema. "Akiimba jikoni nasema amefaulu. Kesho yake kimya, nasema masikini, ameanguka. Sitamuuliza. Natumaini iko siku ataniita mwenyewe na kuniambia, kama mkwe wake, si kama ofisi."

Bibi alifikishiwa maneno hayo uani, mguu ukiwa juu ya kigoda, daftari limefunikwa kwa kiganja.

"Kasema hataniuliza?"

"Amesema hivyo."

"Na hajajaribu kuchungulia?"

"Amefungiwa."

"Najua kafungiwa. Nauliza kama kajaribu."

Hajajaribu. Mkuu wa ofisi amethibitisha. Mtambo hukumbuka kila anayegusa.

Bibi alitikisa kichwa, na tabasamu likampita usoni upesi, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Kisha akatoa ruhusa nyingine juu ya zile za mwanzo. Alisema pia jambo fulani kuhusu alama za mwenzake wa Julai, ila mwenzake hajaombwa ruhusa, kwa hiyo halimo humu.

"Andika kwamba nimefaulu," alisema. "Masomo yote. Mkwe wangu husoma gazeti kazini, wakati wa chai. Ataliona hapo, siku moja na watu wengine wote. Hata ofisi yangu mimi haina upendeleo."